Hazuiliki, kwa hesabu ya nani?

Jioni ya Juni 6, 2016, shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba Hillary Clinton amefikisha wajumbe wa kutosha kuwa mgombea urais wa chama cha Democratic nchini Marekani. Kesho yake majimbo sita yalikuwa yanapiga kura, likiwemo California lenye wajumbe 475 wa kugombewa, fungu kubwa kuliko la jimbo lingine lolote. Mtu wa Los Angeles aliyepanga kwenda kituoni asubuhi alilala akiwa ameshaambiwa kwamba shughuli imekwisha.

Siku ile hakuna jimbo lililopiga kura. Kilichoongezeka ni ahadi. Waandishi wa shirika hilo walikuwa wakiwapigia simu wajumbe wakuu, yaani vigogo wa chama ambao wakati huo waliruhusiwa kumpigia mkutanoni yeyote wamtakaye bila kufungwa na matokeo ya jimbo. Walimuuliza mmoja mmoja anamuunga mkono nani, hadi jumla ikafika 2,383. Clinton alishinda California kweli. Hata ukiwaondoa wajumbe wakuu wote, alimaliza mbele ya Bernie Sanders kwa mamia ya wajumbe na kwa kura zaidi ya milioni tatu. Utabiri ulitimia. Hata hivyo, wafuasi wengi wa Sanders waliondoka wakiamini wameporwa, na sehemu kubwa ya lawama inaangukia namna hesabu ilivyotangazwa tangu mwanzo: kura na ahadi zilimwagwa kwenye kapu moja.

Kapu hilo ndilo tunalolifungua hapa. Inakuwaje mgombea aitwe hazuiliki wakati watu hawajapiga kura? Neno hilo linatoka wapi, linawafikiaje wapiga kura, na ni lini linaacha kuwa maneno likawa hesabu?

Mchujo unatafuta nini

Tanzania tumezoea kusema kura za maoni, Kenya wanasema kura za mchujo. Hapa tutashika mchujo, kwa sababu kura ya maoni inabeba pia maana ya wananchi kuulizwa jambo kubwa la nchi, na wengine huitumia hata kwa utafiti wa kuuliza watu maoni yao. Katika mada hii, kuchanganya kura na utafiti ndilo kosa lenyewe.

Mpiga kura wa mchujo Marekani hamteui mgombea moja kwa moja. Kila jimbo limepangiwa idadi ya wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, na matokeo ya jimbo ndiyo yanayoamua wajumbe hao wagawanywe vipi. Anayepata zaidi ya nusu ya wajumbe wa nchi nzima ndiye mgombea. Majimbo hayapigi kura siku moja. Yanapokezana kuanzia Januari au Februari hadi Juni, na kupokezana huko ndiko kunakozaa simulizi zote. Mwaka 2020 Iowa, iliyotangulia, ilikuwa na wajumbe 41 kati ya 3,979 waliogombewa katika chama cha Democratic. Hiyo ni kama asilimia moja. Pamoja na hayo, wagombea walikaa Iowa miezi na miezi, na waandishi wakajazana huko, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kitakachosemwa usiku wa Iowa kitayafikia majimbo mengine kabla ya karatasi za kura.

Dalili zinazosomwa mapema

Kabla ya kura ya kwanza kuna vitu vitatu vya kupima: tafiti za maoni, fedha, na viongozi waliojitokeza kumuunga mkono mtu. Vyote vinapima kitu halisi. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinapima kitu tofauti na kile kinachoandikwa kwenye kichwa cha habari.

Oktoba 2007 tafiti za kitaifa zilimweka Clinton mbele ya Barack Obama kwa zaidi ya pointi 20. Upande wa Republican, Rudy Giuliani aliongoza tafiti za kitaifa kwa sehemu kubwa ya mwaka huo. John McCain alikuwa ameishiwa fedha mwezi Julai na wachambuzi wengi walishamfuta. Miezi michache baadaye Giuliani alijitoa bila kushinda jimbo hata moja, McCain akawa mgombea wa Republican, na Obama akamshinda Clinton.

Utafiti wa kitaifa unapotosha kwa sababu zinazoeleweka. Hakuna uchaguzi wa kitaifa wa mchujo, kwa hiyo unapima shindano lisilokuwepo. Mapema namna hiyo, anayejibu simu mara nyingi hutaja jina analolijua, na mke wa rais wa zamani au meya wa New York wa siku za mashambulizi ya Septemba 2001 ana jina linalojulikana kila kijiji. Halafu kuna udogo wa sampuli, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mtafiti anasema amehoji watu 1,000. Ukisoma maandishi madogo chini, unakuta kati yao waliosema watashiriki mchujo wa chama kimoja ni kama 400. Kwa watu 400, kiwango cha makosa kwa kila mgombea ni takriban pointi 5 juu au chini, na hilo ni kwa sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu safi, jambo ambalo ni nadra. Sasa mgombea A ana asilimia 35 na B ana 29. Gazeti linaandika A anaongoza kwa pointi 6. Kiwango cha makosa cha pengo kati ya wawili ni kikubwa kuliko cha kila mmoja peke yake. Hapa kinakaribia pointi 8. Pengo la kweli linaweza kuwa 13, na linaweza kuwa sifuri. Wiki ijayo utafiti mwingine ukitoa 33 kwa 31, habari itakuwa kwamba B anakuja juu kwa kasi, wakati inawezekana hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili mawazo.

Hata tafiti nyingi zikikubaliana, zinaweza kukosea pamoja. Obama alishinda Iowa Januari 3, 2008. Kwa siku tano zilizofuata tafiti za New Hampshire zilimweka mbele kwa wastani wa pointi kama 8, na simulizi ikageuka: sasa Obama ndiye aliyekuwa hazuiliki. Clinton akashinda New Hampshire kwa takriban pointi 3. Chama cha watafiti wa maoni cha Marekani kilipochunguza baadaye, moja ya mambo kilichoyaona ni kwamba watu waliopatikana kwa shida kwenye simu walikuwa upande wa Clinton kuliko waliopatikana kwa urahisi. Katika siku tano hakuna muda wa kumrudia mtu asiyepokea, kwa hiyo tafiti zote ziliegemea upande mmoja.

Fedha nazo zina uzito wake, lakini haziwezi kumtengenezea mtu umaarufu asio nao. Mfuko uliomuunga mkono Jeb Bush ulikusanya zaidi ya dola milioni 100 katika nusu ya kwanza ya 2015. Februari 20, 2016 alijitoa akiwa na wajumbe wanne. Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola milioni 500 zake mwenyewe mwaka 2020, na mahali pekee aliposhinda ni visiwa vya American Samoa.

Kuungwa mkono na viongozi ni dalili yenye nguvu zaidi, kwa sababu kiongozi anaweka jina lake rehani. Novemba 2015 Associated Press iliwahoji wajumbe wakuu: 359 walisema wako na Clinton, 8 wakasema Sanders. Ilikuwa habari halali. Makosa yalianza pale namba hiyo ilipoingizwa kwenye jedwali la wajumbe. New Hampshire, Februari 2016, Sanders alipata asilimia 60 na Clinton 38. Kwa kura za wananchi aligawiwa wajumbe 15 dhidi ya 9. Wajumbe wakuu sita wa jimbo hilo walikuwa wameshamuahidi Clinton, na vyombo kadhaa vikaonyesha 15 kwa 15. Aliyepigia kura upande ulioshinda kwa pointi 22 aliwasha televisheni akaona wametoka sare.

Na ahadi hubadilika. Mwaka 2008 Clinton alianza na wajumbe wakuu wengi kumzidi Obama, lakini kadiri Obama alivyoshinda majimbo walimhamia. John Lewis, mbunge wa Georgia na mkongwe wa harakati za haki za raia, alihama Februari baada ya watu wa eneo lake kumpigia Obama. Mwaka 2018 chama kilibadili kanuni: wajumbe wakuu hawapigi kura raundi ya kwanza ya mkutano mkuu pale kura yao inapoweza kuamua mshindi. Mabadiliko hayo ni tunda la moja kwa moja la jedwali la 2016.

Mikondo ambayo maneno hupitia

Kusema tu mtu hazuiliki hakuzuii mtu mwingine yeyote. Lazima maneno yapite kwa watu wanaoweza kutenda jambo.

Wa kwanza ni wachangiaji. Kampeni ya mchujo hulipa mishahara, ofisi na matangazo wiki hadi wiki. Mchangiaji akiamini mtu wake hatapita, anaacha kutoa, na kampeni hufa kwa kukosa fedha kabla ya kukosa kura. Ndiyo maana watu wengi hujitoa baada ya jimbo la kwanza au la pili wakati asilimia zaidi ya 95 ya wajumbe haijagawiwa.

Wa pili ni wenye milango. Kwa midahalo ya kwanza ya Juni 2019, chama cha Democratic kiliweka masharti: upate angalau asilimia 1 katika tafiti tatu zinazotambuliwa, au uwe na wachangiaji 65,000 tofauti waliotawanyika katika majimbo ya kutosha. Kwa aliyeshindwa kupata wachangiaji, utafiti uligeuka kuwa mlango. Asiyejulikana hapati asilimia 1, asiyepata asilimia 1 hapandi jukwaani, na asiyepanda jukwaani hajulikani. Masharti yalipandishwa kadiri miezi ilivyokwenda, hadi mdahalo wa Desemba ukataka wachangiaji 200,000 pamoja na asilimia 4 katika tafiti nne. Sampuli ya watu 400 ambayo haiwezi kutofautisha 35 na 29 haiwezi pia kutofautisha 3 na 4. Watu walikatwa hapo.

Wa tatu ni wagombea wenzake, na mfano ulio wazi kuliko yote ni siku tatu za 2020. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa. New Hampshire alikuwa wa tano kwa asilimia 8.4, akaondoka jimboni kwenda South Carolina hata vituo havijafungwa. Magazeti yalikuwa yakimwandika kama mtu aliyekwisha, na Sanders, aliyeshinda New Hampshire na Nevada, kama asiyeshikika. Februari 26 James Clyburn, mbunge mwenye sauti kubwa kuliko wote kwa Waamerika Weusi wa South Carolina, alimtangaza Biden kuwa chaguo lake. Katika jimbo hilo Weusi ni zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo wa Democratic. Februari 29 Biden alipata karibu asilimia 49, Sanders 20. Machi 1 Pete Buttigieg akajitoa. Machi 2 Amy Klobuchar akajitoa, na jioni ile wote wawili walimuunga mkono Biden huko Dallas. Machi 3, Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, Biden alishinda majimbo 10 kati ya 14, zikiwemo Massachusetts na Minnesota ambako hakuwa amefanya kampeni ya maana. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kufanya hivyo kwa saa 72. Kilichofanya ni kwamba wapiga kura wasiomtaka Sanders, waliokuwa wamegawanyika mafungu manne, walioneshwa pa kukutana.

Wa nne, basi, ni mpiga kura mwenyewe. Kuna anayefuata upepo tu, lakini wengi wana sababu nzito zaidi. Mwanachama anataka chama chake kishinde uchaguzi mkuu wa Novemba, hivyo hujiuliza wenzake watampigia nani. Simulizi ya vyombo vya habari ndiyo inayomjibu. Kwa hiyo mtu anaweza kumpenda mgombea C kwa moyo wote, akampigia A, na kesho yake kura yake ikatajwa kama ushahidi kwamba watu hawamtaki C.

Mkondo huu una kizuizi kimoja kinachosahaulika: kura za mapema. Jumanne Kuu ya 2020 watu wengi wa California walikuwa wameshatuma karatasi zao kwa posta siku nyingi kabla, baadhi yao wakiwapigia Buttigieg na Klobuchar. Simulizi mpya haikuwakuta, na karatasi zao hazikuweza kurudishwa.

Kushinda huku umeshindwa

Matarajio yana hesabu yake ya ajabu. New Hampshire ya 1968, Rais Lyndon Johnson alipata takriban asilimia 49 na Eugene McCarthy 42. Habari ikawa kwamba Johnson ametikiswa, na mwisho wa mwezi huohuo wa Machi alitangaza hatagombea tena. Mwaka 1972, jimbo hilohilo, Edmund Muskie alipata asilimia 46 na George McGovern 37. Muskie alitoka Maine, jimbo jirani, na ilishasambaa kwamba chini ya asilimia 50 ni aibu. Akaandikwa kama aliyeanguka. Mwaka 1992 Bill Clinton alikuwa wa pili, nyuma ya Paul Tsongas kwa pointi kama 8, lakini kwa kuwa kashfa zilikuwa zimemfanya atarajiwe kuzama kabisa, alipanda jukwaani usiku ule akajitangaza kuwa amefufuka, na vyombo vikalichukua neno lake.

Wanakampeni wanalijua hili, ndiyo maana wiki moja kabla ya kura kila kambi huanza kujishusha na kumpandisha mpinzani. Msomaji akisikia meneja wa kampeni anasema tukipata asilimia 20 tutafurahi sana, ajue kwa ndani anatarajia 25.

Pale hesabu inapochukua nafasi ya maneno

Sasa tuingie jikoni. Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, lakini mgombea lazima afikishe asilimia 15, ama jimbo zima ama katika wilaya ya uchaguzi inayohusika. Chukua jimbo la kubuni lenye wajumbe 100 na wagombea sita: 35, 20, 14, 14, 12, 5. Wanne wa mwisho hawapati kitu. Wajumbe wanagawanywa kati ya 35 na 20 tu, na wa kwanza anaondoka na 64. Theluthi ya kura imezaa karibu theluthi mbili ya wajumbe. Hii ndiyo iliyowatia hofu wapinzani wa Sanders mwishoni mwa Februari 2020, na hofu hiyo ilikuwa ya hesabu halisi.

Wakibaki wawili, mambo yanageuka: kupata pengo kunakuwa kugumu sana. Wilaya yenye wajumbe wanne, mmoja akapata asilimia 60 na mwingine 40. Asilimia 60 ya wajumbe wanne ni 2.4, asilimia 40 ni 1.6. Ukitoa namba kamili wanapata 2 na 1, na mjumbe anayebaki anakwenda kwa mwenye sehemu kubwa iliyosalia, yaani 0.6. Matokeo ni 2 kwa 2. Umeshinda kwa pointi 20 na hujaongeza mjumbe. Ili upate 3 kwa 1 unahitaji kuvuka asilimia 62.5. Wilaya ya wajumbe watano, kwa upande mwingine, humpa 3 kwa 2 aliyepata asilimia 50 na nukta. Timu ya Obama mwaka 2008 iliyafanyia kazi mahesabu haya wilaya kwa wilaya. Siku ya Jumanne Kuu, Februari 5, Clinton alishinda New Jersey na kupata wajumbe 59 kwa 48, faida ya 11. Obama alishinda Idaho, jimbo dogo ambalo Democratic hawalishindi Novemba, kwa wajumbe 15 kwa 3, faida ya 12. Kamera zote zilikuwa New Jersey.

Kuanzia hapo Obama alishinda mashindano yote yaliyobaki ya Februari, na pengo likawa la kudumu. Kwa nini la kudumu? Tuweke mfano wa kubuni. Wajumbe wote ni 3,999, wanaotakiwa ni 2,000. A ana 1,500, B ana 1,350, waliobaki ni 1,149. B anahitaji 650 kati ya hao, sawa na asilimia 56.6. Haionekani mbali. Linakuja jimbo la wajumbe 200, na B anashinda: 104 kwa 96. Magazeti yanaandika B amefufuka. Sasa ana 1,454, anahitaji 546, na waliobaki ni 949. Asilimia anayoihitaji imepanda hadi 57.5. Ameshinda na amesogea nyuma.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Clinton. Machi 4, 2008 alishinda kura za mchujo za Texas kwa asilimia 51 kwa 47, na jimbo hilo, lenye pia mikutano ya wanachama ya usiku uleule iliyogawa sehemu ya wajumbe, likampa Obama wajumbe 99 na yeye 94. Simulizi ya mbio zilizo wazi iliendelea hadi Mei 6, Obama aliposhinda North Carolina kwa mbali na Clinton akaponea chupuchupu Indiana, ndipo watangazaji wakasema imekwisha. Kwa hesabu, hali ya Mei haikuwa tofauti sana na ya Machi. Vyombo vilivyotangaza uhakika mwaka 2007, wakati haukuwepo, vilikuwa vizito kuuona ulipofika. Kwa maoni yetu kosa hili la pili halizungumzwi vya kutosha, maana shindano linaloendelea huleta watazamaji.

Republican wana njia tofauti, na majimbo yao mengi humpa mshindi kila kitu au karibu kila kitu. South Carolina 2016 Donald Trump alipata asilimia 32.5 ya kura na wajumbe wote 50. Katika mfumo huo kinara mwenye theluthi ya kura dhidi ya wapinzani waliogawanyika anaweza kukimbia mbali haraka. Wachambuzi waliokuwa wakisema theluthi mbili hawamtaki walisema kweli kuhusu kura, lakini wajumbe walikuwa wakigawiwa kwa kanuni nyingine.

Dodoma, Julai 2015

Msomaji wa Tanzania ana mfano wa karibu wa uhakika uliovunjika, na ulivunjika kwa sababu tofauti kabisa na za Iowa. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alizindua Safari ya Matumaini, kampeni yake ya kuwania urais, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Mei 30, 2015, uwanja ukiwa umefurika. Watia nia 42 walichukua fomu za CCM. Kanuni ilitaka wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Lowassa alizunguka akidhaminiwa na umati, na kila mkoa ukawa habari mpya ya kwamba hakamatiki.

Lakini njia ya CCM haikupitia kwa umati. Kamati Kuu hupunguza majina hadi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa huyapigia kura yabaki matatu, Mkutano Mkuu huchagua moja. Nguvu ya Lowassa ilikuwa katika vikao vipana, vya pili na vya tatu. Mlango wa kwanza ni kikao kidogo, na jina lake lilikatwa hapohapo. Watano waliopita walikuwa Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu walimpokea mwenyekiti Jakaya Kikwete kwa wimbo wa kuwa na imani na Lowassa. Jina halikurudi. Mkutano Mkuu ulimpa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Migiro 59.

Umati wa Arusha haukuwa wa kuchora. Lowassa alihamia Chadema Julai 28, na Oktoba alipata kura zaidi ya milioni sita, asilimia 39.97, dhidi ya 58.46 za Magufuli. Kilichokosewa ni kumhesabia mtu kura za watu ambao katika hatua ile hawakuwa wapiga kura. Tena pale mlango unapokaliwa na wachache, sifa ya kutozuilika humfanya kinara aonekane mapema kwa wote wanaotaka kumzuia, na kuwapa muda wa kujipanga. Magufuli alichukua fomu bila mbwembwe, na kabla ya kikao kile ni wachache waliomtaja kama tishio.

Mezani kwa mhariri

Anayeandika habari za mchujo, wa nchi yoyote, aanze na karatasi moja yenye majibu ya maswali matatu: nani anapiga kura katika hatua hii, wanagawana nini, na kwa kanuni gani. Kwa Marekani jedwali liwe na safu nne zisizojumlishwa pamoja: wajumbe waliopatikana kwa kura, ahadi za wajumbe wakuu, waliobaki, na asilimia ya waliobaki ambayo kila mgombea anaihitaji. Safu ya mwisho ndiyo yenye habari. Ikikaa chini ya 53 kwa anayefuatia, mbio ziko wazi. Ikivuka 60 katika mfumo wa uwiano, anahitaji ushindi mkubwa mfululizo, tena majimbo ambayo bado hayajapiga kura yaangaliwe moja moja.

Matokeo ya utafiti yaandikwe pamoja na idadi ya waliohojiwa wa chama husika, si jumla ya wote, na tarehe za kuhoji. Pengo lililo chini ya kiwango chake cha makosa lisiitwe uongozi.

Na muda wa kutangaza ufikiriwe. Januari 15, 2024, mikutano ya wanachama wa Republican huko Iowa ilianza saa moja usiku, kwenye shule, makanisa na kumbi za jamii. Katika mikutano hiyo kwanza wasemaji wa kila mgombea husimama kumwombea kura, ndipo karatasi zinagawiwa. Nusu saa hivi tangu kuanza, Associated Press na vituo vya televisheni vikatangaza kwamba Trump ameshinda. Katika baadhi ya kumbi wasemaji walikuwa bado wamesimama mbele, karatasi hazijagawiwa, na simu zikaanza kuita mifukoni mwa waliokaa wakisikiliza. Trump alimaliza na asilimia 51, hivyo mshindi angekuwa yuleyule. Ron DeSantis alimaliza na 21 na Nikki Haley 19, na kwa pengo kama hilo la pointi mbili za nafasi ya pili, watu wachache walioamua kuvaa makoti na kwenda nyumbani wana uzito.